Jina la Mahali na Mpaka wa Tabaka katika "Tumbo Lisiloshiba"
Uhakiki wa hadithi fupi ya Said Ahmed Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", mara nyingi huanzia kwenye tumbo lenyewe. Kejeli, hata hivyo, imekwisha kuanza katika mandhari. Jina Madongoporomoka, lililoundwa kwa nomino "madongo" (ukubwa wenye dharau) na kitenzi "poromoka", linaubomoa mtaa kabla tingatinga halijafika. Katika mkahawa wa Mzee Mago, jitu linakula chakula cha wote. Hapo ndipo ishara inapokolea: mwenye nguvu anavuka mpaka wa tabaka bila kizuizi, anahudumiwa, kisha ubomoaji unafuata. Kuuita mtaa huo "pembezoni", kama ilivyozoeleka, kunapotosha. Uchu wa jiji kwa ardhi yake ndio unaousukuma mgogoro mzima.