Tribinali ya Kanada na Jimbo Linalotaka Kutoka

Kila mwaka, katika masomo ya haki za watu, wanafunzi wetu hurudilia swali lile lile: jimbo lililoungana na majimbo mengine katika serikali moja, lina ruhusa ya kutoka? Sisi watu wa Kongo hatuwezi kulisikia swali hilo na kutulia, kwani tunakumbuka Katanga. Lakini afazali kwanza tusome andiko la mbali, la inchi ambamo jibu lilitafutwa bila bunduki. Ndilo shauri ambalo Tribinali Kuu ya Kanada ilitoa tarehe 20 Agosti 1998 juu ya jimbo la Québec. Tumelisoma kwa Kifransa, nasi tunalisifu. Walakini kuna jambo moja ndani yake linalotukwaza.

Watu wa Québec, ambao wengi wao husema Kifransa, walipiga kura tarehe 30 Oktoba 1995. Waliokataa kutoka walikuwa 50,58 kwa mia, waliokubali, 49,42. Tofauti ilikuwa kura 54.288 tu, katika kura zaidi ya milioni 4. Na ulizo lenyewe! Watu waliulizwa kama wanakubali Québec iwe inchi ya kujitawala, baada ya kuitolea Kanada ushirika mpya wa uchumi na siasa, kadiri ya mradi fulani wa sheria na mapatano yaliyotiwa sahihi tarehe 12 Juni. Katekista akiwauliza watoto wake namna hii, hakuna hata mmoja atakayejua ajibu nini.

Serikali ya Kanada ikapeleka jambo mbele ya waamuzi 9. Serikali ya Québec ilikataa kufika, basi tribinali yenyewe ikamteua avoka, André Joli-Cœur, kusudi upande wa pili usikose msemaji. Waamuzi wote walijibu kwa sauti moja. Québec haiwezi kutoka kwa amri yake peke yake: sheria kuu ya Kanada haiipi ruhusa hiyo, wala sheria ya mataifa haiipi. Sheria ya mataifa huwafikiria watu walio chini ya ukoloni au walioonewa na wageni. Na watu wa Québec hawamo. Katika miaka 50 iliyotangulia, kwa karibu miaka 40 waziri mkuu wa Kanada alikuwa mtu wa kwao!

Hata hivyo waamuzi hawakuishia hapo. Waliongeza kwamba watu wengi wa Québec wakiitika waziwazi, tena kwa ulizo lililo wazi, Kanada nzima inapaswa kuketi na kuzungumza nao. Hapo ndipo uzuri wa andiko hili. Tribinali Kuu ya Marekani, ilipohukumu kesi ya Texas mwaka 1869, ilisema kwamba umoja hauvunjwi ila kwa mapinduzi au kwa ukubali wa majimbo, lakini haikumlazimisha mtu yeyote kusikiliza. Waamuzi wa Kanada wanamlazimisha mwenye nguvu kusikiliza.

Lakini asikilize nani? Waamuzi walisema hawana lazima ya kuamua kama wakaaji wote wa Québec ni taifa moja. Kwa maoni yetu, hapo walilikimbia swali lililo gumu kuliko yote. Wacree, wenyeji wa kaskazini ya jimbo hilo, walipiga kura yao wenyewe tarehe 24 Oktoba 1995, na zaidi ya 96 kwa mia walikataa kutolewa katika Kanada bila ukubali wao. Shauri linasema kwamba haki za wenyeji na hata mipaka zitazungumzwa. Halisemi kama wenyeji wenyewe watapewa kiti mezani.

Sisi tunajua uzito wa kimya hicho. Moïse Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, alisema kwa jina la Wakatanga wote. Lakini Baluba wa kaskazini, na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, walikataa. Vijiji vilichomwa moto, watu wengi wakafa. Hakuna serikali hata moja iliyoitambua Katanga, na Januari 1963 mambo yakaisha. Waliodai haki ya wachache mbele ya Léopoldville hawakuwapa wachache wa kwao haki ile ile.

Baada ya shauri hilo, mwaka 2000, Bunge la Kanada lilijipa mamlaka ya kupima kama ulizo na wingi wa kura ni wazi. Québec ikajibu kwa sheria yake: nusu ya kura na moja zaidi yatosha. Kila upande umejifanya mwamuzi wa kesi yake. Kwa hiyo, Québec ikiitika siku moja kwa 51 kwa mia, hatuoni jinsi mazungumzo yatakavyoanza. Watabishana kwanza juu ya hesabu, na Wacree watakuja na hesabu ya tatu.