Hilma af Klint na Mizani ya Uhakiki wa Sanaa Dhahania

Historia ya uchoraji dhahania aghalabu huanzia kwa Kandinsky, ambaye kitabu chake kuhusu roho katika sanaa kilitoka mwaka 1911. Hata hivyo, Hilma af Klint wa Uswidi alianza Michoro ya Hekalu mwaka 1906, akaikamilisha mwaka 1915 ikiwa kazi 193. Baadhi ya wahakiki humtenga kwa hoja kwamba aliongozwa na roho. Hoja hiyo haina mashiko: Mondrian alijiunga na Chama cha Theosofia mwaka 1909, wala imani yake haikumwondolea hadhi ya usanii.

Hoja nzito zaidi ni ya umbo. Katika michoro kumi mikubwa ya mwaka 1907, yenye kimo cha zaidi ya mita 3, miduara, herufi na maua ni ishara za umri wa binadamu tangu utoto hadi uzee. Je, ishara ni udhahania? Swali hilo linastahili mjadala, mradi Kandinsky naye apimwe kwa mizani hiyohiyo. Makumbusho yanayotenganisha ibada na sanaa kabla ya kuutazama mchoro wenyewe hupoteza vyote viwili.