Nakala Iliyosalia na Hukumu ya Mhakiki: Ukusanyaji wa Rekodi za Michezo ya Redio ya Marekani

1. Utangulizi

Mhakiki wa riwaya ana kitabu mkononi. Mhakiki wa mchezo wa redio wa zamani ana rekodi iliyobahatika kusalia. Tofauti hii hupuuzwa mara nyingi, na rekodi hiyo huchukuliwa kuwa ndiyo kazi yenyewe. Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kutumia mifano ya michezo ya kutisha na ya taharuki ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba namna rekodi ilivyonaswa, ilivyopotea au ilivyokusanywa ni sehemu ya ushahidi wa kihakiki. Anayeipuuza huweza kupima bahati ya santuri akidhani anapima ubora wa mtunzi.

2. Chimbuko la rekodi

Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, NBC na CBS zilishikilia kwa jumla kanuni ya kurusha vipindi vyao moja kwa moja. Kwa kuwa pwani ya mashariki na ya magharibi hutofautiana kwa saa tatu, baadhi ya michezo iliigizwa mara mbili usiku mmoja. Rekodi zilinaswa kwa shughuli nyingine, kama vile kumwezesha mdhamini kusikia jinsi tangazo lake lilivyosomwa. Zilichongwa kwenye santuri za inchi 16, kila upande ukibeba takriban dakika 15. Santuri hizo zilikuwa sahani za alumini zilizopakwa laka. Wakati wa vita alumini ilipoadimika, kioo kilitumika badala yake, nacho huvunjika upesi.

Huduma ya redio ya majeshi, AFRS, iliyoanzishwa mwaka 1942, ilisambaza santuri kwa askari baada ya kuondoa matangazo ya biashara. Msikilizaji wa nakala hiyo anaweza kusifu mtiririko usiokatizwa, ilhali mtunzi alikuwa ameupanga mchezo wake kwa kuzingatia mapumziko ya tangazo.

3. Mchango wa wakusanyaji na mipaka yake

Vinasa sauti vya kanda vilipoenea majumbani, wapenzi wa redio walinakili santuri, wakabadilishana kanda kwa posta na kuandaa orodha za vipindi. Bila juhudi zao, utafiti wa fani hii ungekuwa na data haba mno. Hata hivyo, kila nakala iliyotokana na nakala nyingine ilipunguza ubora wa sauti, na tarehe iliyokosewa kwenye kasha moja ilirithiwa na makasha yaliyofuata. Aidha, mkusanyaji hutafuta ukamilifu wa orodha: kipindi kikishapatikana, hutiwa alama na kuhesabiwa kimoja.

Hesabu hiyo haitoshi kwa “Sorry, Wrong Number” wa Lucille Fletcher. Agnes Moorehead aliuigiza katika kipindi cha “Suspense” tarehe 25 Mei 1943, akaurudia mara kadhaa hadi mwaka 1960. Katika utendaji wa kwanza, mwigizaji mmoja alikosea zamu yake ya kusema karibu na mwisho, na hatima ya mhusika mkuu ikawatatiza wasikilizaji. Anayehakiki mwisho wa mchezo huu bila kutaja utendaji anaourejelea hajabainisha matini yake. Nadharia ya fasihi simulizi, inayouona utendaji kuwa tukio lenye fanani, hadhira na wakati wake, inafaa zaidi hapa kuliko ile ya matini moja iliyokamilika.

4. Nani huonekana kuwa mtunzi?

Athari kubwa zaidi imo katika sifa za watunzi. Wyllis Cooper alianzisha “Lights Out” mjini Chicago mwaka 1934. Arch Oboler aliurithi mwaka 1936. Rekodi za enzi ya Cooper ni adimu mno, ilhali nyingi za msimu wa Oboler wa 1942–1943 zimesalia. Hivyo jina la kipindi limeambatana na Oboler. “Chicken Heart”, mchezo wake mashuhuri wa mwaka 1937, nao hujulikana zaidi kupitia toleo fupi alilolitengeneza upya kwa ajili ya santuri ya mwaka 1962. Mbinu za sauti zinazosifiwa humo ni za studio ya miaka 25 baadaye.

Cooper, kwa upande wake, husikika katika “Quiet, Please” ya 1947–1949, ambayo nakala zake nyingi zina sauti hafifu. Utulivu na ukimya wa kazi hizo umempa sifa ya mtunzi wa minong’ono. Sifa hiyo huenda ni ya haki kwa kazi zake za baadaye. Haiwezi kuhamishiwa kwenye “Lights Out” ya 1934, wala ukosefu wa rekodi hauthibitishi kwamba Oboler ndiye aliyeubuni mtindo wa kipindi hicho.

5. Hitimisho

Uhakiki wa mchezo wa redio unapaswa kutaja utendaji unaorejelewa, aina ya nakala na asili yake, kisha kuilinganisha na hati ya mchezo inapopatikana. Pale ambapo sauti imepotea, hukumu ya kisanaa isimamishwe. Kimya cha hifadhi kisihesabiwe kuwa udhaifu wa mtunzi.