Kasi na Ufasiri katika Kanda za DJ Screw

Uhakiki wa muziki wa kufokafoka aghalabu huanza na maneno na kuishia papo hapo. Dhamira hutajwa, vina huchambuliwa, kisha mhakiki huridhika. Mbinu hiyo haifiki mbali mbele ya kanda za mseto zilizotengenezwa mjini Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, na Robert Earl Davis Jr. (1971–2000), aliyefahamika kwa jina la DJ Screw. Sifa yake haikutokana na ufokaji. Nyimbo nyingi zilizomo katika kanda zake ni za watu wengine, na zilikwisha kutolewa katika santuri kabla hajazigusa. Hata hivyo, msikilizaji wa Houston hazihesabu kanda hizo kuwa kazi ya mwingine yeyote ila yeye. Makala haya yanadai kwamba msikilizaji huyo yu sahihi, na kwamba upunguzaji wa kasi katika kanda hizi si pambo bali ni kitendo cha ufasiri.

Yafaa kuanza na utengenezaji wenyewe. DJ Screw aliweka nakala mbili za santuri moja katika mashine mbili, nakala moja ikitangulia nyingine kidogo. Kisha aliihamisha sauti kutoka mashine hii hadi ile, hivi kwamba neno lililokwisha kusikika lilirudi tena, au mdundo ulikatika na kuungwa upya. Mseto huo ulinaswa katika kinasasauti, na kasi yake ikapunguzwa kabla ya kunakiliwa. Matokeo yake ni kwamba sauti huzama. Kijana wa miaka ishirini husikika kama mzee. Silabi hurefuka, na kina, ambacho katika santuri ya asili kilipita upesi, huchelewa kufika, nayo hadhira hukingojea. Majigambo yanapocheleweshwa namna hii hupoteza kishindo chake na kuanza kukaribiana na maombolezo, ilhali hakuna hata neno moja lililobadilishwa. Takriri nayo si ya mtunzi wa awali. Ni ya msomaji wake, ambaye ameona kwamba mahali fulani pana uzito na akakataa kupaacha. Kama uhakiki ni kuonyesha penye uzito katika matini, basi DJ Screw alikuwa mhakiki kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Kanda hizi zilikuwa pia na mwenyewe. Wateja walifika nyumbani kwa fundi huyu na orodha za nyimbo walizozitaka. Wengine walitajwa kwa majina ndani ya kanda, wakasalimiwa, wakasifiwa. Bei ilikuwa dola 10, na maandishi juu ya kanda yalikuwa ya mkono. Nadharia ya fasihi simulizi husisitiza uhusiano wa fanani na hadhira, lakini mara nyingi hudhani kwamba chombo cha kunasia sauti huuvunja uhusiano huo. Hapa chombo ndicho kilichoujenga. (Anayejua jinsi mtunzaji katika taarabu ya arusi anavyoufanya ubeti uwe wake kwa kumtuza mwimbaji hatalistaajabia jambo hili.)

Mfano ulio bora kuliko yote ni kanda ya 1996 iitwayo June 27th. Iliandaliwa kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya rafiki mmoja. Wafokaji kadhaa, miongoni mwao Big Moe, Big Pokey na Yungstar, walipokezana kipaza sauti kwa zaidi ya nusu saa wakitunga papo kwa papo juu ya mdundo mmoja ulioazimwa kutoka wimbo wa Kris Kross. Hakuna kiitikio cha kuwapumzisha wala mpangilio ulioandikwa. Yamkini kutunga papo kwa papo kwa muda mrefu namna hiyo huleta mistari dhaifu, na mistari dhaifu imo. Anayefunga anamwachia anayefuata neno au kina cha kushikilia. Big Moe anaingia kwa kuimba pale ambapo wenzake wanafoka, na mfululizo mzima unabadilika sura. Kasi ndogo huipa hadhira nafasi ya kusikia akili ikitafuta neno. Katika kasi ya kawaida utafutaji huo ungefichika. Tarehe 27 Juni bado huadhimishwa na wapenzi wa muziki huo mjini Houston.

Mapokezi ya nje ya mtaa yalikuwa ya namna nyingine. Foleni za magari mbele ya nyumba ziliwafanya polisi washuku biashara ya dawa za kulevya. Duka la kanda lilifunguliwa mwaka 1998. Upande wa kaskazini wa mji, Michael Watts na kundi la Swishahouse waliuendeleza mtindo huo, na kufikia 2005, wafokaji kama Mike Jones na Paul Wall walipovuma Marekani nzima, kampuni za muziki zilikuwa zikitoa matoleo yaliyopunguzwa kasi ya albamu zao. Mengi ya matoleo hayo yaliiga mashine, hayakuiga usikivu.

Lakini upotoshaji mkubwa zaidi ni ule unaouanza uhakiki na kifo. DJ Screw alifariki tarehe 16 Novemba 2000 akiwa na umri wa miaka 29, na kodeini ilikuwa miongoni mwa vilivyomuua. Tangu hapo wengi wameueleza uzito wa kanda zake kama ulevi wa dawa ya kikohozi uliogeuzwa sauti. Dai hili halikosi msingi kabisa. Nyimbo zenyewe huisifu dawa hiyo, na albamu ya Big Moe ya mwaka 2000 iliitwa City of Syrup. Hata hivyo, kueleza kilichowavutia baadhi ya wasikilizaji si kueleza umbo la kazi. Kukata santuri mbili bila kuupoteza mdundo ni kazi ya mkono ulio macho. Zaidi ya hayo, Houston ni mji wa masafa marefu, na kanda hizi zilisikilizwa ndani ya magari yaliyotembezwa polepole kwa makusudi. Mwendo wa kanda ni mwendo wa gari hilo.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Houston imehifadhi sehemu kubwa ya santuri za DJ Screw. Uamuzi huo ni wa kupongezwa, ingawa santuri ni malighafi tu. Utendaji wenyewe umo katika kanda za sumaku, ambazo huchakaa. Baada ya George Floyd kuuawa mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, watu wengi walitambua kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kufoka katika kanda hizo kwa jina la Big Floyd. Baadhi yao walizisikiliza kama utabiri, jambo ambalo maneno yake hayalibebi: ni majigambo ya kijana wa Third Ward miongoni mwa marafiki. Wengine walijaribu kuirejesha sauti yake katika kasi ya kawaida ili wamsikie alivyokuwa. Kimo cha sauti kilipanda, lakini mahali DJ Screw alipokuwa amekata na kurudia maneno, marudio yalibaki.