"Hakikisha simu iko kwenye 2.4": sentensi nusu inayogomesha soketi janja

Karatasi ya maelekezo inayokuja na soketi janja, zile unazochomeka ukutani na kuwasha kwa simu, huwa haizidi kiganja. Nimesoma kadhaa za chapa tofauti na zinafanana mpaka unadhani kaziandika mtu mmoja. Pakua programu, bonyeza kitufe mpaka taa ikonyeze haraka, andika nywila ya waifai, subiri. Ikigoma, geuza karatasi: "Hakikisha simu iko kwenye 2.4, si 5. Weka simu na kifaa karibu na ruta."

Ushauri wa kwanza ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba hausemi kwa nini, na usipojua kwa nini, ikigoma mara ya pili umekwama. Hapo watu wanarudisha soketi dukani au wanamlipa fundi aje kubonyeza kitufe kilekile.

Tuanze na kifaa. Soketi za bei nafuu hubeba chipu ndogo ya redio, kwa mfano ESP8266 iliyoingia sokoni 2014, ambayo inajua gigahezi 2.4 tu. Huo si uzembe. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi na kwa kawaida linavuka kuta za tofali vizuri kuliko la 5, na kazi ya soketi ni kupokea "washa" na "zima" tu, haiangalii filamu. Hapo watengenezaji nawapa haki yao.

Utamu uko kwenye simu. Soketi mpya haina nywila, kwa hiyo haiwezi kusoma chochote kinachopita kwenye mtandao wako, vyote vimefumbwa. Inachoweza kuona ni urefu wa kila pakiti. Basi kwa ile njia ya taa kukonyeza haraka, programu nyingi hutuma pakiti ambazo ndani hazina maana yoyote. Ujumbe ni urefu wenyewe. Urefu huu ni herufi hii, urefu ule ni herufi ile. Ni kama mtu aliye nje ya mlango, hasikii maneno, ila anapima kila kikohozi kimechukua muda gani. Soketi inapima, inaunganisha herufi, inapata nywila. Mimi naona ni ubunifu mzuri mno kufichwa nyuma ya neno "subiri".

Sasa simu ikiwa kwenye 5, inakohoa mahali ambapo soketi haina sikio. Ruta nyingine huzirudia pakiti hizo upande wa 2.4, nyingine hazifanyi hivyo, ndiyo maana kwa jirani imekubali na kwako imegoma na soketi ni ileile.

Halafu hilo "hakikisha" lenyewe. Ruta nyingi za siku hizi zinatumia jina moja kwa masafa yote mawili na simu inajichagulia. Simu nyingi hazina hata kitufe cha kuchagua. Na ukiwa karibu na ruta, simu huwa inapenda 5 kwa sababu ina kasi. Yaani ushauri wa pili unaua wa kwanza! Ukitaka simu ishuke kwenye 2.4, mara nyingi unatakiwa ufanye kinyume, utoke uende mbali, hata uani.

Kuna jambo ambalo karatasi zote nilizosoma zimelinyamazia. Kama soketi inaweza kupima vikohozi, na mtu aliye upande wa pili wa ukuta anaweza. Programu isipofumba nywila kabla ya kuigeuza kuwa urefu, yeyote anayejua mtindo huo na mwenye kompyuta ya kawaida anaisoma muda uleule unaposubiri. Kwenye nyumba za kupanga, waifai moja vyumba sita, mnunuzi alistahili kuambiwa.

Sentensi ile ningeiandika hivi: "Kifaa hiki kinasikia 2.4 tu. Kama ruta yako ina jina moja kwa masafa yote, ingia kwenye mipangilio yake, zima 5 kwa dakika tano, unganisha kifaa, kisha iwashe tena. Huna ruhusa ya kugusa ruta? Shikilia kitufe mpaka taa ikonyeze polepole; kifaa kitatengeneza waifai yake chenyewe, na simu itajiunga nayo moja kwa moja. Ukiweza, tumia mtandao wa wageni wenye nywila yake peke yake." Inaenea kwenye karatasi ileile, ukiondoa picha ya familia inayocheka sebuleni.