Sekunde nne ukingoni: SheiKra na njia ya Tabora

Huko Tampa, Florida, ndani ya bustani ya burudani ya Busch Gardens, kuna eneo linaloitwa Stanleyville, jina la kikoloni ambalo mji wa Kisangani, Kongo, uliubeba hadi 1966. Hapo ndipo ilipo SheiKra, rola kosta iliyofunguliwa Mei 2005. Jirani yake palikuwa na Tanganyika Tidal Wave, mchezo wa mashua uliofunguliwa 1989 na kufungwa 2016. Msomaji wa Tabora anayajua majina haya. Ni ya ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Kwihara karibu na Tabora, ikafika Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo SheiKra tunayo haki ya kuipima mara mbili, kwa chuma chake na kwa hadithi inayojivika.

Chuma kwanza, maana kimefanywa kwa ustadi mkubwa. Kampuni ya Bolliger & Mabillard ya Uswisi iliijenga kwa mtindo iliouanzisha 1998 kwa Oblivion ya Alton Towers, Uingereza. Mnyororo unaivuta treni hadi mita 61 juu ya ardhi. Treni inazunguka kona polepole, inasogea ukingoni, inaanza kuinama, kisha inashikwa. Kwa sekunde kama nne abiria wananing'inia wakitazama chini, kabla ya kuachiwa kwenye mteremko wa nyuzi 90, wima kabisa.

Umbo la treni ndilo linalofanya tendo hilo liwezekane. Ina safu tatu tu, kila safu watu wanane. Treni ndefu ikifika kileleni, kichwa huvuka taratibu kwa sababu mkia bado unapanda, halafu mkia hunyakuliwa kwa kasi. Walio mbele na walio nyuma hupanda mchezo mmoja wakaonja vitu viwili tofauti. Treni fupi na pana huinama yote karibu kwa pamoja, na watu wanane hupata mstari wa mbele. Mwaka 2007 hata sakafu ya treni iliondolewa, miguu ikabaki hewani.

Baada ya hapo kazi ni ya kimo. Kitu kinachoanguka bure kutoka mita 61 kingefika chini kwa kilomita kama 124 kwa saa. SheiKra hufikia kama 112; msuguano wa magurudumu na ukinzani wa hewa hula kilichobaki. Mwendo huo unatosha kuipandisha treni na kuipindua, kisha kuna mteremko wa pili unaozama kwenye handaki. Mwishoni treni inapita juu ya bwawa, vichoteo vya nyuma vinakata maji na kuyarusha juu, mwendo ukipungua na watazamaji wakilowa.

Sasa hadithi. Hapa naona fursa iliyopotea, kwa sababu moyo wa SheiKra ni kule kushikwa kabla ya kuachiwa, na njia ya Tabora ina kisa cha namna hiyo hasa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, ambaye Stanleyville imebeba jina lake, alifika Kwihara Juni 1871 akimtafuta mpelelezi David Livingstone, akitaka kwenda moja kwa moja Ujiji. Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, alikuwa ameifunga njia. Stanley akaingia vitani upande wa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, wakashindwa; Agosti Tabora yenyewe ikashambuliwa. Msafara ulikaa miezi, ukaondoka Septemba kwa kuzunguka kusini. Mwaka uliofuata Livingstone naye alikaa Kwihara kungoja watu kutoka pwani, akaondoka Agosti 1872. Tembe aliyokaa imejengwa upya na leo ni makumbusho. Ukiingia utaelewa kwamba safari hizi maarufu zilikuwa pia kazi ndefu ya kungoja.

Stanleyville ya Tampa imechukua jina la mtu mmoja na kuwaacha waliobeba safari. Aliyeongoza mstari alikuwa kirangozi, bendera mkononi. Nyuma yake walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, begani au kichwani, siku baada ya siku. Bila wao hakuna Stanley wa kuita eneo kwa jina lake.

Na wabunifu hawawezi kusema mchezo haukuwa na nafasi ya hadithi hii. Kwenye kilomita 112 kwa saa hakuna anayeona pambo lolote. Macho hufanya kazi kwenye foleni, kwenye mnyororo, kwenye ile kona ya polepole na kwenye zile sekunde nne. Hadithi yote ya rola kosta hukaa humo. Ningeanzia foleni: tembe yenye paa bapa, ramani inayoonyesha njia iliyofungwa na njia iliyozunguka, na mzigo wa kilo 32 ambao kila mgeni anaweza kuunyanyua begani kabla hajafungwa kwenye kiti.