Jando la Masasi na Mwanafunzi wa Benchi la Nyuma

Askofu William Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, anakumbukwa zaidi kwa jambo moja: alilitia jando mikononi mwa Kanisa. Makala yake ya mwaka 1927 juu ya thamani ya kielimu ya mila hizo hutajwa kila yanapozungumzwa mambo ya Injili na utamaduni. Hapa twapenda kuyasoma mawazo yake kwa jicho la mwalimu, maana Lucas mwenyewe alidai kuwa anazungumza juu ya elimu.

Dai hilo lilikuwa la haki. Kumbi ni shule. Humo wali hufundishwa kwa wimbo, kwa fumbo na kwa mwigo. Asiyelishika neno hulipata katika wimbo, na asiyeushika wimbo huonyeshwa kwa tendo. Kila mwali huwa na mlezi wake, mtu anayemjua kwa jina na kwa tabia. Lucas na makasisi wenyeji (Terence Ranger alionyesha mwaka 1972 jinsi sehemu ya hao wenyeji ilivyokuwa kubwa) waliyaondoa matambiko, wakaingiza sala, lakini kumbi lenyewe wakaliacha lisimame. Twaona walikuwa na busara kuliko wamisionari wengi wa siku zao.

Hata hivyo, kasoro ya mawazo hayo yaonekana mapema. Lucas anamrekebishia somo “Mwafrika”, kana kwamba Mwafrika ni mwanafunzi mmoja. Masasi palikuwa na Wayao, Wamakua na Wamakonde, kila watu na lugha yao. Tena palikuwa na wasichana. Jitihada ya kuuingiza unyago wao katika Kanisa haikufaulu kama ile ya wavulana. Wala si ajabu, kwani mambo hayo yalikuwa mali ya makungwi, na waliotaka kuyarekebisha walikuwa wanaume. Panda kutoka Masasi, ambayo iko chini kati ya majabali yake, ufike Newala ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na utaona tofauti nyingine. Juu huko maji yalikuwa haba, na kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950 wanawake na wasichana waliyafuata mabondeni. Kengele ya shule haikuijua safari hiyo. Somo lililorekebishwa kwa ajili ya kabila zima laweza kumwacha nje binti mmoja.

Kurekebisha somo kwa utamaduni, basi, bado si kulirekebisha kwa mwanafunzi. Tangu Tamko la Salamanca la mwaka 1994 serikali na makanisa yamesema mengi juu ya elimu jumuishi, lakini mtoto aliyezungumza Kimakonde tu nyumbani, na mwenzake asiyesikia vizuri, wote wawili hupewa dawa moja: mwalimu hurudia sentensi ile ile kwa sauti kubwa zaidi.

Wako wachungaji watakaotujibu kwa dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambamo Luther anaagiza maneno yasibadilishwe kwa vijana na watu wa kawaida. Ni kweli. Lakini waendelee kusoma. Dibaji hiyo hiyo yataka sehemu moja ifafanuliwe kwa wakati wake, na amri inayohitajiwa zaidi na wasikilizaji ndiyo ikaziwe: ya wizi kwa mafundi na wafanyabiashara, ya kuwaheshimu wazazi kwa watoto. Maneno ni yale yale, kazi ya darasani hufuata aliyeketi mbele ya mwalimu. Bruno Gutmann alilielewa jambo hili kule Uchagani alipowagawa wanafunzi wa kipaimara katika vikundi vidogo vya wenzi wa ngao, ili kila mmoja awe na wa kumwajibikia.

Tatizo letu kubwa liko siku ya mtihani. Kijana husimama mbele ya usharika akariri maana ya amri. Mwenye kigugumizi hushindwa na kuonekana mzembe, na mwenye kumbukumbu nzuri hupita hata kama hajaelewa. Kwa nini yule wa kwanza asiandike, au asieleze kwa Kimakonde mbele ya mzee wa kanisa anayeijua lugha hiyo, na kiziwi asiionyeshe amri kwa ishara na kwa tendo? Kumbini hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ulimi wake ulikuwa mzito.